Kansa haianzi na maumivu, tusisubiri mpaka iume

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme hili maana limenikaa moyoni muda mrefu. Watu wengi tunapima ugonjwa kwa maumivu. Kama hakiumi basi si kitu, kikianza kuuma ndo tunaenda hospitali, na kwa kansa hapo ndo tunapoumia kabisa, kwa sababu kansa nyingi mwanzoni haziumi. Uvimbe wa titi unaweza kukaa pale miezi na miezi, mgumu, mwenye nao akioga anaugusa, anasema mbona hauniumi, anaendelea na shughuli zake. Kumbe uvimbe mgumu usiouma ndio wa kukimbilia kuonyesha. Sio kila uvimbe ni kansa, mwingi sio, ila hakuna anayeweza kujua kwa kuugusa tu akiwa nyumbani.

Na titi halitoi dalili ya uvimbe peke yake. Ngozi inaweza kubonyea ndani au kuwa na vitundu vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa imetokeza ikaanza kuingia ndani, au ikatoa majimaji yenye damu. Wanaume nao wanapata, ni wachache sana, kwenye wagonjwa 100 wa kansa ya matiti kama 1 hivi ni mwanaume, lakini wengi wao wanafika wamechelewa maana hakuna aliyewahi kuwaambia inawahusu.

Halafu kuna hii habari ya damu. Shangazi yangu mmoja alikuwa ameshakoma hedhi miaka mingi, siku moja akaona damu kidogo, wala hakushtuka, alifurahi, akamwambia dada yangu "ujana umenirudia mwanangu" wakacheka wote wawili. Usiku dada hakulala, asubuhi akamshika mkono mpaka kliniki, shangazi njia nzima analalamika kwamba anasumbuliwa bure na haumwi popote. Ilikuwa kansa ya mji wa mimba, bado haijatoka nje, akafanyiwa upasuaji na mpaka leo yupo anatugombeza. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, hiyo sio ya kusubiri. Vilevile damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi bila mpangilio.

Kwetu wanaume ni damu kwenye mkojo. Hii inadanganya sana, inatokea siku moja haina maumivu yoyote halafu inapotea wiki kadhaa, mtu anasema nimepona au anasema ni kichocho tu, na wala hajui kwamba kichocho chenyewe kikikaa miaka bila kutibiwa kinaweza kuleta kansa ya kibofu. Damu kwenye choo nayo kila mtu anaiita bawasiri. Inaweza kuwa bawasiri kweli, sibishi, lakini kama na mpangilio wa choo umebadilika, mara unafunga mara unaharisha, na mwili unaishiwa nguvu, aangalie daktari sio rafiki.

Kwa mambo mengine jishikie wiki tatu. Kikohozi kimezidi wiki tatu, sauti imekwaruza wiki tatu, kidonda mdomoni au kwenye ulimi hakifungi, nenda. Chakula kinakwama kifuani, kwanza unashushia na maji, kisha unahamia vyakula laini, kisha uji, na hakuna anayegundua kwa sababu unazoea kidogo kidogo, usingoje mpaka maji yenyewe yakatae kupita. Kupungua uzito bila sababu ndo watu wanakusifia kabisa, umependeza! Na wazazi, mtoto mdogo akipigwa picha kwa flashi mboni ya jicho moja ikaonekana nyeupe, mpelekeni haraka, hiyo inaweza kuwa kansa ya jicho na ikiwahiwa inatibika.

Iko kansa moja ambayo huhitaji hata kusubiri dalili, ile ya shingo ya kizazi. Karibu yote inaletwa na virusi vya HPV, na kutoka virusi kukaa mpaka kansa kutokea mara nyingi inachukua miaka 15 hadi 20, japo kwa mwenye VVU ambaye hatumii dawa inaweza kuwa 5 hadi 10 tu. Miaka yote hiyo ni nafasi ya kuikamata! Kipimo kimojawapo ni nesi kupaka siki iliyopunguzwa makali, anasubiri kama dakika moja, pale penye seli zilizoharibika panageuka peupe, na mara nyingi panatibiwa siku hiyohiyo kwa kugandisha au kuchoma, unarudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza kupima ukiwa na miaka 30, na wenye VVU miaka 25, na mabinti wachanjwe dhidi ya hivyo virusi vya HPV wakiwa na miaka 9 hadi 14.

Sasa kuna maneno yanayoua watu, kwamba ukikatwa kinyama cha kupimwa au kisu kikigusa, kansa inasambaa. Najua yametoka wapi. Mtu anakaa na uvimbe mwaka mzima, anaenda umeshafika mbali, anakatwa kinyama, miezi michache anafariki, halafu msibani lawama zote anabebeshwa daktari na kile kinyama. Kilichomuua ni ule mwaka. Bila kile kipimo daktari hajui ni kansa gani wala aitibu kwa dawa ipi.

Na wahudumu wa afya nao niwaombe, mgonjwa akirudi mara ya tatu na tumbo lilelile au kikohozi kilekile msimwongezee antibayotiki nyingine, mpeni rufaa. Na wewe mgonjwa ukiona dalili ile ile inarudi, usione aibu kumwambia daktari waziwazi, naomba tuangalie kama sio kansa. Una haki ya kuuliza.

Ombi langu kwenu gazeti ni moja. Oktoba mnaandika sana kuhusu matiti, tarehe 4 Februari mnaandika kuhusu kansa, halafu kimya mpaka mwaka mwingine. Wekeni kijisanduku kidogo kila wiki, dalili moja tu kwa lugha rahisi, na kipimo chake ni kipi. Zile za wanaume, kibofu, tezi dume, utumbo mpana, ziwekeni kurasa za michezo maana wengi wetu ndiko tunakoanzia kusoma gazeti.

Msomaji wenu