Kioo cha Pikipiki Si Kioo: Kukitunza Katika Chumvi na Vumbi la Malindi

Jina lenyewe ndilo linalotuponza. Kinga ya upepo iliyo mbele ya pikipiki tunaiita kioo, basi tunaifuta kama kioo: kitambaa kikavu, dawa ya buluu ya kupuliza, na gazeti la jana la kumalizia. Tuktuk ina kioo cha kweli mbele, na kioo cha kweli huvumilia hayo yote. Cha pikipiki ni plastiki, kiwe kile kidogo kinachokaa juu ya taa ya Boxer au kile kirefu cha pikipiki za safari. Vioo vingi vinavyofika karakana yetu vikiwa na ukungu usiotoka havikupata ajali wala havikuzeeka. Vimeharibiwa na mkono uliokuwa ukivisafisha.

Kwanza ujue una plastiki gani. Nyingi ni polikaboneti au akriliki. Geuza kioo utazame pembeni au chini, karibu na matundu ya bolti. Mara nyingi kuna alama ndogo iliyochorwa, PC kwa polikaboneti, PMMA kwa akriliki. Polikaboneti ni ngumu kuvunjika, hata jiwe likirushwa na lori halikipasui kwa urahisi, lakini uso wake ni laini na hukwaruzika upesi. Ndiyo maana iliyo nzuri hupakwa ngozi nyembamba ya kuulinda uso huo. Akriliki hustahimili mikwaruzo zaidi na inaweza kung'arishwa tena, ila ikigongwa au ikibanwa vibaya hupasuka. Kama hakuna alama yoyote, ichukulie ni polikaboneti yenye ngozi, maana hiyo ndiyo inayodai uangalifu mkubwa zaidi.

Sasa hali yetu ya hapa. Pikipiki inayolala karibu na bahari hupokea chumvi usiku kucha, kusi ikivuma au kaskazi. Chumvi hunyonya maji ya hewani. Unyevu ukizidi asilimia 75 hivi huyeyuka kabisa, na usiku wa Malindi hupita kiwango hicho mara nyingi. Jua likipanda, maji yanakauka na chumvi inabaki kama utando mweupe. Chumvi peke yake haina ugumu wa kukwaruza sana. Ubaya wake ni kwamba inashika mchanga kama gundi. Ukitoka Marafa na lile vumbi jekundu, au Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, kila punje ya mchanga iliyotua imenaswa kwenye utando huo, na mchanga ni mgumu kuliko plastiki yoyote. Ukipitisha kitambaa kikavu hapo umepitisha msasa.

Kwa hiyo maji yatangulie, mkono ufuate baadaye.

Osha asubuhi mapema au jioni, kioo kikiwa kimepoa. Kikiwa cha moto sabuni hukauka kabla hujaisuuza na kuacha michirizi. Mwagia maji matupu kutoka juu, lita tatu hadi tano kwa kioo cha kawaida, polepole, bila kugusa. Lengo ni chumvi iyeyuke na mchanga uondoke na maji. Subiri dakika moja, mwaga tena. Kisha tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita tano za maji. Isizidi hapo, povu jingi halisafishi zaidi, linaongeza kazi ya kusuuza. Sabuni ya unga iache kwa nguo: ni kali, na punje ambazo hazijayeyuka zinakwaruza.

Chovya kitambaa laini, kiache kijae maji, upitishe kutoka juu kwenda chini kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Mikwaruzo ya mviringo ndiyo inayoonekana usiku taa za gari zikikujia. Kila baada ya mipito miwili au mitatu, suuza kitambaa kwenye ndoo ya pili yenye maji matupu, ndipo ukirudishe kwenye sabuni. Ndoo ya pili watu wengi huiona ni usumbufu, lakini ukimaliza itazame chini yake uone mchanga uliotulia pale. Huo wote ungekuwa kwenye kioo. Malizia kwa kusuuza, ukaushe kwa kukandamiza kitambaa kikavu kisafi bila kusugua.

Kuhusu kitambaa: maikrofaiba ni bora. Fulana kuukuu ya pamba inafaa, ila kata mishono na sehemu yenye maandishi ya plastiki. Leso iliyochakaa ya pamba tupu ni nzuri sana. Mpya bado ina wanga, haifai. Tishu, gazeti, sponji yenye upande wa kijani na waya wa kusugulia sufuria visiguse kabisa.

Maji nayo yana neno. Visima vingi vya hapa vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa na chumvi. Yakikaukia kwenye kioo yanaacha madoa meupe ya duara. Unaweza kuoshea maji ya kisima, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya mfereji, hata lita moja tu. Madoa yaliyokwisha kukaa yatolewe kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika mbili au tatu, suuza sana.

Wadudu ni habari nyingine. Ukipita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke jioni, au mvua ikinyesha kumbikumbi wakatoka, kioo chote hujaa. Mdudu aliyekaukia juani hushika kama gundi, na watu humkwangua kwa ukucha au kwa kadi ya simu. Usikwangue. Lowesha taulo ndogo kwa maji ya sabuni, itandaze juu ya kioo, iache dakika 10 hadi 15, ukiilowesha tena ikianza kukauka. Ukiiondoa, wadudu wengi wataondoka nayo, na waliobaki watafutika bila nguvu. Kinyesi cha ndege kifanyiwe vivyo hivyo siku hiyohiyo. Utomvu wa mwembe au wa mkorosho ukiwa umeganda, pamoja na matone ya lami, yalainishwe kwa mafuta ya kupikia kidogo kwenye kitambaa kwa dakika chache, kisha yaoshwe kwa sabuni. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwako; kwa kioo, kivuli cha banda ni salama zaidi.

Tufike kwenye dawa, kwa sababu hapa ndipo hasara kubwa inapoanzia. Petroli imezoeleka kwenye steji kwa kutoa kila uchafu, na kweli kioo hung'aa dakika ile. Lakini petroli, tina na asetoni huingia ndani ya plastiki. Plastiki iliyobanwa na bolti iko chini ya mvutano wakati wote, na majimaji haya yakipenya mahali penye mvutano, vinyufa vyembamba kama nywele hujitokeza kuzunguka matundu. Huenda usivione siku hiyo. Wiki kadhaa baadaye, kwenye tuta la kwanza, kioo kinakatika pale pale kwenye bolti na mtu analaumu tuta. Oili ya breki hufanya hivyo pia, kwa hiyo fundi anapoongeza oili kwenye kikopo cha breki ya mbele afunike kioo kwanza. Tone likianguka, mwaga maji mengi papo hapo. Dawa ya buluu ya vioo vya nyumba mara nyingi ina amonia, inayokula polikaboneti. Spiriti huipasua akriliki. Dawa za kufukuza maji ya mvua zilizotengenezwa kwa kioo cha gari zisitumike mpaka chupa yenyewe iseme inafaa plastiki.

Mashine ya presha pahali pa kuoshea magari haikatazwi, lakini mwambie kijana asimame mbali, nusu mita au zaidi, na asiilenge kwenye matundu ya bolti wala kingo za stika. Zaidi ya yote, mwambie asikifute kwa kitambaa alichofutia rimu.

Mikwaruzo ikishaingia, pitisha ukucha juu yake kwa upole. Ukucha usiponasa, mkwaruzo ni wa juujuu. Kwa akriliki, au polikaboneti isiyo na ngozi, tumia dawa ya kung'arishia plastiki: tone la ukubwa wa punje ya hindi kwa eneo la kiganja, kitambaa chenye unyevu, dakika mbili, futa, tazama, rudia. Ukucha ukinasa, dawa haitoshi. Akriliki inaweza kupigwa msasa wa maji namba 1000, kisha 1500, kisha 2000, ndipo ing'arishwe, lakini mahali pale patapungua unene na huenda pakapinda picha ya barabara. Hatushauri kazi hiyo pale macho yako yanapopita. Kwa polikaboneti yenye ngozi, usisugue kwa dawa ya meno wala dawa yoyote ya kusaga. Utatoa ngozi kwa mabaka, na mabaka hayo hayarudi.

Bolti sasa, na tafadhali zipe muda. Kila bolti ya kioo inatakiwa kuwa na washa ya raba, na mara nyingi nyuma yake kuna raba yenye nati ya shaba ndani. Chumvi huishikanisha shaba hiyo na bolti, na ukifungua kwa nguvu raba nzima inazunguka na tundu linapanuka. Ishike raba kwa nyuma kwa vidole au koleo dogo, ndipo ulegeze. Wakati wa kurudisha, anza bolti zote kwa mkono, kisha kaza kwa kupishana, mpaka raba ianze kujaa pembeni kidogo, usimame hapo. Ukizidisha unakaza mvutano ndani ya plastiki. Gundi ya kuzuia bolti isilegee usiitie, huipasua plastiki kama petroli. Kuzuia bolti isilegee ni kazi ya raba. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu na uipake raba grisi ya silikoni kidogo. Kwa pikipiki ya pwani, zikague kila mwezi.

Ufa mfupi ulioanza pembeni unaweza kusimamishwa kwa kutoboa tundu la milimita tatu kwenye ncha yake hasa, drili ikizunguka polepole na kipande cha mbao kikiwa nyuma. Hiyo ni ya kukufikisha hadi upate kioo kingine. Ufa uliotoka kwenye tundu la bolti hatuuzibi, tunabadilisha.

Vaiza ya helmeti nayo ni polikaboneti, na yote tuliyosema yanaihusu. Ichomoe, itumbukize kwenye beseni la maji ya vuguvugu na tone la sabuni kwa dakika tano, isuuze, ikauke kivulini.

Ukituletea kioo, usikifute njiani ili kionekane kisafi. Kilete na uchafu wake. Tutakimwagia maji sisi, tutakitazama dhidi ya taa kutoka pembeni, tutakagua matundu, na tutakuambia mbele yako kama kinang'arishika au hakifai tena. Cha kung'arisha kinakaa saa moja hadi mbili. Kama cha kubadilisha, njoo na jina la modeli na mwaka wake, kwa sababu matundu ya toleo moja na jingine hutofautiana hata pikipiki zikifanana kwa sura.