Umefunga madigadi mapana, sasa tairi gani?

"Fundi, mmenipiga." Tunaisikia hiyo kila mara. Mteja kafunga madigadi mapana, kaona tairi zake za zamani zimezama ndani, katajiwa bei ya rimu za kuzitoa nje, kanuna. Kesho yake anatokea na speisa, vile vipande vya kuweka kati ya gari na rimu ili tairi itoke nje, za bei ya kutupa: "Nifungie hizi tu."

Tuelewane kidogo. Madigadi yameongeza upana wa nje. Bampa, bodi na plastiki za ndani ziko palepale. Tairi iliyosogezwa nje, ukikata usukani, inazunguka duara kubwa zaidi, inakwenda kugonga bampa mbele au bodi nyuma yake. Ndiyo maana gari linalonyooka vizuri lami yote ya Nyakato hapa Mwanza linaanza kusugua likigeuza kwenye vilima vya Bugando.

Kwa hiyo usiishie kuuliza "ni inchi 17?" Soma ET iliyogongwa kwenye rimu, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye gari; ikipungua, rimu inatoka nje. Kutoka 7.5J ET30 kwenda 8J ET0 (namba ya J ni upana wa rimu kwa inchi), mdomo wa rimu unasogea nje kama milimita 36. Hizo ni nyingi! Na tairi: ukitoka 265/65R17 (upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, inchi za rimu) ukaweka 285/70R17, kipenyo kinapanda asilimia 7. Dashibodi inasoma 100, wewe uko 107, na tochi ya trafiki haiangalii dashibodi yako.

Turudi kwenye speisa. Zipo nzuri, zinazokaa kwenye habu, kile kitovu rimu inapofungwa, bila kucheza, ila hazina bei ya kutupa. Mteja mmoja anayebeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba alifungiwa kwingine zenye tundu la kati kubwa kuliko habu. Usukani ukatetemeka, akasema ni balansi. Tukamwambia azitoe, akasema tunatafuta hela. Bolti zikakatika akiwa na mzigo karibu na Usagara. Tairi ilipochomoka ilichana digadi jipya, ikaharibu habu na beringi. Hesabu yake ilipita bei ya rimu zote nne alizozikataa.

Upimaji wetu unalipiwa, ndiyo. Tunapakia gari, tunakata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, tunapandisha gurudumu moja juu hadi lizame ndani ya digadi, ndipo tunataja saizi. Kwa hiyo usije na gari tupu, na pesa ya tairi ya tano uihesabu mapema: ile ya akiba ya zamani haitalingana tena na hizi nne.