Barua kwa Rukia kuhusu safari ya Kyushu

Beppu, Oita,
Japani

Mpendwa Rukia,

Assalaam aleykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na Mama, ambaye nakuomba umfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, na furaha ya kusikia kwamba kweli mnakuja haijanitoka tangu nilipopata habari.

Ratiba uliyonitumia nimeisoma kwa makini, na neno langu la kwanza ni ombi: Tokyo na Kyoto ziacheni kwa safari nyingine. Ninaelewa ilivyo vigumu kutoka Mombasa hadi Japani bila kukanyaga mji mkuu, lakini kwa siku kumi, pamoja na Mama mwenye pumu na magoti yasiyopenda ngazi, sehemu kubwa ya muda wenu ingeishia kwenye stesheni na foleni. Kyushu ni kisiwa cha tatu kwa ukubwa nchini hapa, na ndani yake mna bandari za kale, volkano zinazofuka moshi, mashamba ya mpunga na chemchemi za maji moto, vyote vikiwa vimeunganishwa na reli.

Njooni mwanzoni mwa Novemba. Juni na nusu ya kwanza ya Julai ni masika ya huku, Agosti na Septemba ni miezi ya vimbunga, na mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei wenyeji wote huwa likizoni, hivyo vyumba huadimika. Novemba anga huwa safi, na baridi yake sweta moja na ushungi mzito vinaitosha. Kwa ndege, piteni Seoul, kwani kutoka huko hadi Fukuoka ni takriban saa moja na nusu, na hapo mtakuwa mmeshuka Kyushu kwenyewe bila kupitia Tokyo.

Fukuoka laleni usiku mmoja tu, mpumzike. Mji huu unasifika kwa tambi za tonkotsu, lakini mchuzi wake hutengenezwa kwa mifupa ya nguruwe, kwa hiyo msivutwe na harufu ya vibanda vya chakula vya kando ya mto bila kuuliza. Mji una msikiti uliofunguliwa mwaka 2009, na waumini wa hapo watawaelekeza kwa furaha mahali pa kula.

Kesho yake mwende Nagasaki, mbadilishe treni Takeo-Onsen, mahali inapoanzia reli ya mwendokasi iliyofunguliwa Septemba 2022. Kaeni siku mbili. Asubuhi moja nzima itengeni kwa ajili ya jumba la makumbusho ya bomu la atomiki la tarehe 9 Agosti 1945, wala msipange jambo lingine asubuhi hiyo, kwa maana mtu akitoka humo huhitaji kukaa kimya kwanza. Mchana wa pili tembeeni Dejima, kisiwa kidogo kilichojengwa kwa mikono ya watu, ambamo wafanyabiashara wa Kiholanzi waliwekwa tangu 1641 kwa zaidi ya miaka mia mbili, wakati Japani ilipokuwa imewafungia mlango Wazungu wengine. Sisi tuliokulia kwenye miji ya bandari tunaielewa haraka historia ya namna hiyo.

Kutoka Nagasaki wengi hurudi nyuma kwa treni ili kufika Kumamoto. Ninyi piteni Shimabara: mpande treni ndogo inayofuata ufuo kutoka Isahaya, kisha feri inayovuka Bahari ya Ariake. Nina sababu nyingine ya kuwapitisha huko. Katika karne ya kumi na tisa umaskini wa Shimabara na visiwa jirani vya Amakusa uliwafanya wasichana wengi kusafirishwa ng'ambo na kuingizwa katika madanguro, na baadhi yao walifika hadi Unguja. Tangu nilipoisoma habari hiyo siwezi kuitazama bahari ile bila kuwaombea.

Kumamoto mtaiona ngome iliyokamilika mwaka 1607, ikavunjwavunjwa na matetemeko ya Aprili 2016, na ambayo bado inatengenezwa, ingawa mnara wake mkuu ulishafunguliwa tena. Siku inayofuata treni ya mwendokasi itawafikisha Kagoshima kwa chini ya saa moja. Mbele ya mji huo umesimama mlima Sakurajima, uliokuwa kisiwa hadi mlipuko wa 1914 ulipouunganisha na nchi kavu kwa lava. Majivu huanguka mara kwa mara kiasi kwamba manispaa huwagawia wakazi mifuko ya manjano ya kuyazolea. Kwa sababu ya kifua cha Mama, tutazame kwanza upepo unavuma upande gani, na kama majivu yanaelekea mjini mbaki Kumamoto. Kisiwa cha Yakushima ulichokiandika nimekifuta: kuufikia ule mti wake mkongwe na kurudi ni mwendo wa kutwa nzima kwa miguu.

Aso, mji ulio ndani ya kreta kubwa ya volkano mashariki ya Kumamoto, ndipo ninapotaka mlale siku mbili, na mwende kwa treni, si kwa basi. Ukuta wa kreta ile una mwanya mmoja, upande wa magharibi, na reli huingilia hapo, lakini mwinuko ni mkali mno. Kwa hiyo treni ikifika stesheni ndogo ya Tateno husimama. Dereva hutoka kwenye chumba chake, akapita katikati ya abiria na mkoba wake mkononi hadi upande wa pili wa behewa, na treni huanza kupanda kinyumenyume. Juu kidogo husimama tena, dereva akarudi alikotoka, na safari ikaendelea kwa mbele. Baada ya matetemeko njia hii ilikatika hadi Agosti 2020. Ndani ya kreta, yenye urefu wa takriban kilomita 25 na upana wa 18, yaani kubwa kuliko Ngorongoro, mna miji, shule na mashamba ya mpunga, na katikati kilele cha volkano cha Nakadake bado hutoa moshi. Wenye pumu hawaruhusiwi kusogelea shimo la Nakadake kwa sababu ya gesi, kwa hiyo Mama nitampeleka mwenyewe kwa teksi hadi Daikanbo, ukingoni upande wa kaskazini, ambako ataliona bonde zima pasipo hewa ile.

Hatimaye mtakuja Beppu, nyumbani. Najua Mama ana wasiwasi juu ya kuoga uchi mbele ya watu. Mwambie asijali, yapo mabafu ya kifamilia yanayokodishwa kwa saa, mlango ukafungwa. Mtaa wa Kannawa tutapika kwa mvuke wa ardhini: samaki, mayai, viazi vitamu na maboga, bila kitu chochote cha kutilia shaka.

Pasi ya reli nunueni ile ya siku saba ya JR Kyushu, kampuni ya reli ya kisiwa hiki, muianze siku mtakayoondoka Fukuoka. Itakwisha siku mtakayofika kwangu. Treni ya Shimabara na feri mtalipia kando.

Ubalozi utataka ratiba ya kila siku na anwani za malazi, hivyo nitumieni majina yenu yote kama yalivyoandikwa kwenye pasipoti, nami nitaandika barua ya mwaliko. Mama abebe dawa zake pamoja na barua ya daktari, na zile za mafua zenye pseudoephedrine aziache, kwani nyingi zimepigwa marufuku hapa. Mkishakubaliana tarehe nijulisheni upesi, maana nyumba ya wageni ninayoitaka Aso ina vyumba vichache.

Wasalaam,
Mwenzako akupendaye,
Zuhura