Mashindano ya kuchunga kondoo Jumamosi

Habari zenu wapendwa. Kesho kutwa ndiyo siku yenyewe, naomba tusome hapa kwa makini, hasa mnaoshindana mara ya kwanza.

Mwamuzi ni mmoja, na kila mbwa anaanza na alama 100. Kinachofuata ni kupunguziwa. Mbwa anapozunguka kuwafuata kondoo kuna alama 20, na hapo ndipo wengi wetu tunaumia. Akikatiza uwanja badala ya kuzunguka kwa upana, alama zinakwenda. Mazoezini juzi mmoja wetu alipuliza filimbi mfululizo mpaka mbwa akasimama, sikio moja juu, hajui aende wapi. Jamani, mwacheni mbwa afikiri! Kuwaanzisha kondoo mwendo ni alama 10 tu, lakini wakishtuka hapo hawatulii tena hadi zizini.

Zizini, ukishashika kamba ya lango usiiachie, wala usimguse kondoo. Mbwa akimng'ata kondoo ovyo, anatolewa.

Njooni na maji ya mbwa na kamba ya kumfungia akisubiri zamu. Atakayechelewa anijulishe mapema nipange upya ratiba.