Barua kwa mpwa wangu uliyeniuliza Warumi wanatuhusu nini

Mjomba, habari za huko kwenye baridi.

Jumapili ulivyonipigia video ukasema mwalimu wenu wa darasa la sita kawapa orodha ya makaisari wa Roma mkariri, na tena kuna projekti ya kutengeneza mfereji wa maji kwa maboksi, halafu ukaniuliza kwani mjomba hawa Warumi wanatuhusu nini sisi, mtandao ukakata kabla sijajibu. Tangu hapo nalifikiria tu hilo swali, hata jana niko juu ya paa nafunga tenki la watu bado niko nalo, ndo nikaona niandike hapa hapa na wazazi wengine wenye watoto huko nje wasome. Pale utakapokwama mama yako akusomee.

Kazi yangu unaijua, mi fundi bomba. Sasa hilo neno la Kiingereza mnalomwitia fundi bomba huko kwenu limetoka kwenye Kilatini, plumbum, yaani risasi, ile madini nzito laini, kwa sababu mabomba yao mengi ya mjini yalikuwa ya risasi, wanachukua bati lake wanalikunja wanaunga. Kwa hiyo kwangu Warumi ni watu wa kazi yangu kabisa. Mfereji wao wa kwanza wa kuleta maji Roma, Aqua Appia, ni wa mwaka 312 KK na karibu wote ulipita chini ya ardhi. Wewe kitabuni umeona yale matao marefu ukadhani ndo mfereji wote, hapana, matao ni pale wanapovuka bonde au tambarare karibu na mji, sehemu kubwa imefukiwa.

Kusini mwa Ufaransa kuna daraja linaitwa Pont du Gard, matao ngazi tatu, kwenda juu kama mita 49, lilikuwa linavusha maji ya kwenda mji wa Nîmes. Mfereji mzima ni kilomita 50 hivi na toka kwenye chemchemi mpaka mjini maji yanashuka mita 13 tu! Piga hesabu, kila kilomita mteremko hata rula yako ya sentimita 30 haifiki, na hamna pampu hamna umeme. Walipimaje? Walikuwa na kitu kinaitwa chorobates, kama benchi refu la mbao, futi 20, pembeni zinaning'inia timazi, yaani nyuzi zenye kizito mwishoni, na juu kimechongwa kimfereji, upepo ukizisumbua zile timazi wanajaza maji mle wanaangalia yamekaaje. Mjomba si ndo pima maji hiyo! Ukija likizo ntakupeleka saiti uone, sisi tunachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tunajaza maji, mmoja anashika huku mwenzie kule, maji yakitulia tunapiga alama ukutani. Ni akili ileile.

Kama mwalimu ataruhusu uchague mtu wa kuandika habari zake, mwache Kaisari Nero, mwandike Frontinus. Mwaka 97 Kaisari Nerva alimpa kusimamia maji ya mji wote wa Roma, akakagua mifereji tisa, akaandika kitabu, na alichokikuta humo ni wizi wa maji. Watu wametoboa mabomba wanavuta kwa siri, wengine bomba lao ni kubwa kuliko kibali walichopewa, na mafundi wenyewe wanauza maji pembeni. Niliposoma hapo ikabidi niweke simu chini kwanza, maana ndo haya haya ninayoyaona mtaani, watu wamejiunganishia usiku na bibi wa kule mwisho wa bomba anashinda na ndoo zake tupu.

Lakini kuna kitu kwenye kitabu hicho kinaniuma na nataka ukiulize darasani. Frontinus anasema mifereji ilitunzwa na watumwa 700, wa serikali 240 na wa kaisari 460, na kazi zao kazitaja, wapo wakaguzi, wapo wa kupanga mawe, wapo wapiga plasta. Hao ndo waliokuwa wanashika maji kila siku, na hawamo kwenye orodha mliyopewa.

Kwenye orodha yenyewe usimruke Septimius Severus. Kazaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, mwaka 145, akafia York huko Uingereza mwaka 211, yaani mtoto wa Afrika ndo alikuwa anatawala mpaka huko kwenye ukungu.

Na Kiswahili unachoongea na mama yako je? Sabuni imetoka kwenye Kilatini ikapita kwa Waarabu ndo ikatufikia, kandili hivyohivyo, kasri na dinari pia. Meza tumeletewa na Wareno, na wao walirithi kwa Warumi. Julai ni ya Julius Caesar, Agosti ya Augustus. Babu yake bibi yako aliishi chini ya Wajerumani hapahapa Tanganyika, mfalme wao wakimwita Kaiser, neno ni hilohilo la Caesar.

Tena pwani yetu waliijua. Karne ya kwanza mfanyabiashara mmoja wa Misri, Misri ikiwa chini ya Roma, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa mabaharia unaitwa Periplus, pwani hii anaiita Azania na soko lake la mwisho Rhapta, ambalo wataalamu wengi wanaliweka huku Tanzania. Anasema jina la Rhapta limetokana na mashua za kushonwa, na mimi hapo nikauona mtepe kabisa, ile mashua yetu ya zamani ya kushonwa kwa kamba. Huku yalikuja mashoka, visu, mikuki na vitu vya kioo, zikatoka pembe za ndovu na magamba ya kasa.

Sasa huo mfereji wako wa maboksi, kabla hujagundisha pitisha maji kidogo kwanza, ndani weka nailoni maboksi yasilowe, na mteremko uwe mdogo sana, yakikimbia punguza. Ukimaliza nitumie video, bibi yako naye anataka kuona maji yakipita.

Mjomba wako