Vibarua wa majengo ya kale wasiachishwe kazi lipu ikiwa bado mbichi

Mhariri,

Ukarabati wa jengo la kale ukitangazwa, watu huuliza kwanza fedha ni kiasi gani, kisha vibarua wangapi watapata kazi msimu huo. Tarehe ya kuwaita na ya kuwaachia huamuliwa na anayeandaa malipo. Sisi tulio kwenye kazi hii tunasema hapo ndipo kuta nyingi zinapoharibikia, kwa sababu chokaa haifuati mwaka wa fedha.

Mikataba mingi huhesabu siku za kupiga lipu tu. Kiunzi kinasimamishwa, ukuta unapigwa lipu, picha zinapigwa, kesho yake watu wanalipwa na kuondoka. Kazi imefika nusu! Saruji hugandishwa na maji iliyochanganywa nayo. Chokaa huwa ngumu polepole kwa kufyonza kabonidioksidi ya hewani, na hufanya hivyo vizuri ikiwa na unyevunyevu. (Ipo chokaa inayoganda hata majini, hiyo ina masharti yake.) Jua na upepo vikiikausha upesi, unabaki na unga uliojishikiza ukutani: ukipitisha kiganja, kinarudi cheupe. Ikilowa chapachapa kwa mvua, vitundu vyake hujaa maji na hewa haipiti. Baridi ya chini ya nyuzi 5 huikwamisha, na maji yakiganda kuwa barafu ndani ya lipu changa huibambua.

Kwa hiyo penye masika, lipu ya nje ingoje mvua kubwa ipite. Penye barafu, kazi isimame wiki kadhaa kabla ya baridi kali kurudi. Djenné, nchini Mali, hawahitaji kukumbushwa: msikiti mkuu wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907 hukandikwa kabla ya mvua, na udongo wake huwa umeshalowekwa na kuchachushwa mapema. Vijiti vya mnazi pori vilivyochomoza ukutani ndivyo kiunzi chao.

Chokaa nayo hudai maandalizi ya mapema. Mawe yake huchomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi, kisha huzimwa kwa maji. Tia chokaa kwenye maji, usimwage maji juu ya chokaa, kwani huchemka na kuruka. Miwani na glavu si pambo. Ichekeche, ihifadhi shimoni au kwenye pipa ikiwa imefunikwa na maji, na uiache walau miezi 3. Plini Mzee, mwandishi wa Roma ya kale, aliandika kwamba sheria za kale za Roma zilimkataza mjenzi kutumia chokaa isiyotimiza miaka 3. Hatudai kufika huko, lakini watu wachache waitwe mapema kwa kazi hiyo.

Kipimo cha kuanzia ni karai 1 la chokaa iliyoiva kwa makarai 3 ya mchanga safi wenye chembe kubwa na ndogo. Mchanga wa pwani una chumvi, usitumike. Kuhakiki, jaza ndoo mchanga mkavu, kisha mimina maji uliyoyapima mpaka yafike juu: kiasi cha maji yaliyoingia ndicho kiasi cha chokaa kinachotakiwa. Chokaa ikizidi, au mchanga ukiwa laini mno, lipu hupasuka. Mchanganyiko ukionekana mgumu, uponde na kuukanda tena. Kibarua mwenye haraka huongeza maji, na nyufa zinaanzia hapo.

Paa na mifereji vitangulie, la sivyo unapiga lipu ukuta unaonyeshewa. Viungo vya mawe vichokolewe kwa tindo, kina cha milimita 25 hivi; grainda hula kingo za jiwe. Lowesha ukuta kabla ya kupiga. Tabaka moja lisizidi milimita 10, na linalofuata lingoje mpaka dole gumba lisiache shimo lakini ukucha uweze kukwaruza.

Wapo wanaokimbilia saruji kwa kuwa haingoji msimu. Saruji ya Portland, ndiyo saruji ya kawaida ya leo, ilipewa hataza mwaka 1824. Kuta za kabla ya hapo zilizoea kupumua kupitia viungo vyake. Ukiviziba kwa saruji, maji hutokea kwenye jiwe, chumvi hujenga chembe nyuma ya uso wake na jiwe hubanduka ganda kwa ganda. Baadaye unakuta viungo vimebaki vimetokeza na mawe yamerudi ndani, na ncha za boriti zilizomo ukutani zimeoza. Saruji ya zamani iliyong'ang'ania jiwe laini heri iachwe kuliko kuling'oa jiwe nayo.

Tunachoomba kwa wanaoandika zabuni ni mstari mmoja wa malipo ya utunzaji. Vibarua wachache wabaki walau wiki 2 baada ya tabaka la mwisho, wenye magunia ya katani na pampu ya kunyunyizia. Magunia yaning'inizwe mbele ya ukuta bila kuugusa na yaloweshwe. Ukuta unyunyiziwe ukungu wa maji mara kadhaa kwa siku, wala usimwagiwe kwa mpira, maana maji mengi huisomba chokaa hadi juu ikaacha ukoga mweupe. Na mkandarasi asilipwe salio mpaka mkaguzi akwaruze lipu kwa ukucha kuona kama haitoki unga, akianzia upande unaopigwa na jua la mchana.

Mafundi wa majengo ya kale