Kwa nini nimeacha usimamizi nikashika bisibisi

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi ni mzima. Mama, kwenye simu uliuliza kama nimefukuzwa, maana mtu haachi hivi hivi usimamizi wa mauzo akaenda kuwa fundi. Sikufukuzwa, niliomba mwenyewe. Jambo hili halielezeki kwa simu, ndiyo maana nawaandikia.

Usimamizi ulinipa heshima, lakini siku nzima ilikuwa maneno: kikao, simu, kumshawishi mtu asiyetaka kununua, kikao kingine. Niliimudu kazi, na wakubwa walinisifu. Jioni, hata ndugu akipiga simu, sikuwa na neno la kumpa.

Sasa natengeneza vifaa vya hospitali. Juzi nililetewa mashine ya joto ya watoto njiti ambayo kipimajoto chake kilikuwa kinaonyesha joto kubwa kuliko lililomo. Yaani mtoto angelala kwenye ubaridi huku namba zikidai yuko salama. Nikaifungua, nikabadilisha kihisio, nikailinganisha na kipimo cha uhakika hadi namba zikakubaliana. Asubuhi nzima sikusemeshwa na mtu, wala sikuona saa zikienda. Baba, siku hizi natoka kazini nikiwa na hamu ya kuzungumza.

Mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, alieleza mwaka 1959 kwamba watu hutofautiana kwa mielekeo, akaipanga kuwa sita: kupenda zana na vitu vya kushika, kuchunguza, kubuni, kuhudumia watu, kushawishi na kuongoza, na kutunza mpangilio. Kazi nazo zina mielekeo hiyo hiyo, na mtu huelekea kuridhika pale wake unapolingana na wa mahali alipo. Hakusema kila mtu ana mmoja tu. Alitazama ile mitatu inayoongoza. Kwangu zana ni ya kwanza, uchunguzi unafuata, halafu huduma. Kushawishi kuko mkiani kabisa, na ndiko kulikokuwa kunanilipa mshahara.

Ila naona jina la kazi peke yake linadanganya. Muuguzi wa chumba cha upasuaji na muuguzi wa kliniki wote ni wauguzi, lakini mmoja anashinda na timu ndogo juu ya mgonjwa aliyelala, mwingine anashinda akizungumza na wagonjwa mmoja baada ya mwingine. Cha kuuliza ni saa za siku zinajaa nini.

Mama, ulihofia pia kwamba nitabaki mpweke. Nimepata watu. Kuna mikutano ambapo wakazi huleta redio, baiskeli na nguo zilizochanika, na wanaojua kutengeneza wanakaa nao meza moja, wanatengeneza pamoja bila malipo. Wazo hili lilianzishwa Amsterdam mwaka 2009 na mwanahabari Martine Postma, likaenea nchi nyingi. Sherehe za kusimama na kutafuta la kusema hunichosha, lakini mbele ya redio iliyofunguliwa mazungumzo yanakuja yenyewe. Marafiki wangu wa karibu huku nimewapata kwenye meza hiyo. Hata kwenye chama chetu cha watu wa nyumbani nimeomba kushughulikia vipaza sauti badala ya kuwa katibu, na sasa sikosi mkutano.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya mdogo wangu pia. Mnataka asomee uhasibu kwa kuwa una ajira, na hofu yenu naielewa, kwani mshahara ni lazima. Lakini yule binti hutafuta watu kila anapokwenda, na watoto wa wenzake humfuata kama mama yao. Kabla hamjalipa ada, naomba aruhusiwe kushinda siku chache na mhasibu, kisha siku chache na mwalimu wa watoto wadogo, awaambie mwenyewe alivyojisikia jioni. Uamuzi wowote mtakaoufikia, ada nitachangia.

Mwanenu.